Gauni Jekundu la Binti wa Radi

Shangazi Kezia tulimzika Jumamosi iliyopita, nyuma ya nyumba yake ya Busia, upande wa Uganda, karibu na ukuta alioujenga kwa pesa ya kahawa. Mwanawe Wilson alisoma historia ya marehemu kutoka kwenye karatasi tatu zilizochapwa, akasema mama yake alilisha nusu ya mtaa miaka ile migumu ya serikali ya jeshi, na kwamba hakuna aliyebisha mlangoni kwake akaondoka bila kipande cha sabuni. Watu wakatikisa vichwa. Mchungaji akasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma pamoja na wapishi, kwa sababu asubuhi Wilson alikuwa amenijia, kwa adabu kabisa, akaniomba nisikitafute kipaza sauti. "Dada Athieno, leo tumpumzishe Mama." Nikampumzisha. Nikala pilau yake, nikanawa mikono, nikarudi Tororo kwenye mkaa wangu ninaouza. Lakini tangu siku hiyo kifua kimenijaa, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la nne na sijui kuandika kwa kuzungukazunguka, nitaanza na majina. Wenye damu ya mwaka ule ni watatu. Kezia, shangazi yangu. Sajini Musa, wa kikosi cha mpakani. Na mimi mwenyewe, Athieno, niliyekuwa na miaka kumi na mitatu na gauni jekundu.

Nilifika kwa Shangazi mvua za kwanza zilipoanza, nikitokea kijijini kwetu Paya, na nilifika kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyenitaka. Miezi miwili kabla ya hapo radi ilikuwa imeingia jikoni kwetu. Iliua mbuzi watatu waliofungwa humo, ikaniacha mimi niliyekuwa nimekaa katikati yao nikimenya mihogo, na kovu la kuungua kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Upande wetu wa Tororo radi si mgeni, na watu wakati ule walikuwa na taratibu zake. Mtu aliyeuawa na radi hakuna anayemlilia, maana ukimlilia unaiita irudi. Hafunuliwi uso. Anafungwa kwenye mkeka na kuzikwa upesiupesi, na waliobaki wanakaa kimya kama watu waliofanya aibu. Lakini aliyepigwa akabaki hai, hakuna aliyejua afanywe nini. Nyumbani nilipewa sahani yangu peke yangu. Wasichana waliokuwa wakinisuka wakaacha. Shangazi alipokuja kututazama alinishika mkono uleule wa kovu mbele ya watu wote, akaugeuza huku na huku kama anayechagua sokoni samaki wa ziwani, wa Majanji, akasema, "Huyu nipeni mimi." Nilimpenda siku hiyohiyo. Sitaki kudanganya juu ya hilo. Ningekuwa nimemchukia tangu mwanzo, hadithi hii ingekuwa rahisi kuandika.

Biashara yake ilikuwa magendo, kama ya watu wengi wa Busia wakati ule. Dukani mbele, rafu zilikuwa tupu, viberiti tu na picha ya Rais. Kahawa ilikwenda Kenya. Sukari, chumvi na sabuni zikarudi. Wabebaji walikuwa wanawake saba, kila mmoja na gunia dogo amelifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, wakashuka bonde la mafunjo nyuma ya mji, wakavuka kijito, wakatokea upande wa pili. Askari waliijua njia hiyo. Ila mvua ya alasiri ilipokuja na ngurumo zake, askari walikimbilia banda lao la mabati, na hapo bonde lilikuwa wazi. Kikwazo kilikuwa radi yenyewe. Mwaka uliotangulia ilimpiga mbebaji mmoja palepale kijitoni, na tangu hapo wanawake walikataa kutoka mpaka mvua inyamaze, na mvua ikinyamaza askari nao wametoka. Shangazi alikuwa katika mkwamo huo alipokuja Paya akauona mkono wangu.

Alinishonea gauni jekundu, la kitambaa cha kung'aa, mikono mifupi ili kovu lionekane. Huko kwetu kila mtoto anajua kwamba mvua ikitishia huvai nyekundu, unaiita radi. Mimi nilivaa kwa makusudi. Siku ya safari, wingu likishakuwa jeusi upande wa ziwa, wanawake walipanga mstari uani na mimi nikawapitia mmoja mmoja, nikiweka kiganja cha mkono wa kovu juu ya mzigo, kisha kwenye paji la uso. Hakuna aliyenifundisha maneno, kwa hiyo sikusema neno, na kule kutosema ndiko kulikowatisha zaidi. Mama Nekesa, mwanamke mnene mwenye mdomo, ndiye peke yake aliyeweza kufanya mzaha. "Nishike vizuri, mwanangu," alisema, "mimi radi ikinitaka haina hata kazi ya kulenga." Wenzake wakacheka huku wamefumba macho.

Safari tatu za mwanzo nilitembea mbele yao. Hapo ndipo pana siri ambayo Wilson hakuwa nayo kwenye karatasi zake. Miongoni mwa watu wote wa Busia, hakuna aliyeogopa ngurumo kama mimi. Wao walikuwa wameisikia. Mimi nilikuwa nimekaa nayo chumba kimoja. Ngurumo ya kwanza ikipiga, mkojo ulinitoka ukachanganyika na mvua, hakuna aliyejua. Safari ya nne niliwaambia kwa sauti niliyoiazima kwa Shangazi: mimi nikitoka mvuani radi inanijua, itanifuata, itawapata na nyinyi. Nikiwagusa kisha nikabaki ndani, naishikilia hukuhuku. "Siku mtakayoniona nje kwenye ngurumo," nikasema, "msiulize, kimbieni." Wakaitikia. Walioshuka bondeni siku hiyo walishuka kwa moyo zaidi, maana sasa walijua kuna mtu kaishika radi mkononi, amekaa kitandani kwa Kezia. Shangazi alinitazama juu ya kikombe chake cha chai, akasema, "Umekua." Nadhani alijua. Alijua, na akaona uongo wangu una faida kuliko ukweli wangu.

Basi nikakaa ndani, na kukaa ndani kulikuwa kutamu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha springi na dirisha la kioo, na ukuta wa mbao nyembamba uliokitenga na chumba cha nyuma ambamo Shangazi aliwalisha wageni wake. Nilikunywa chai yenye sukari mwaka ambao watu walipanga mstari tangu alfajiri kwa kilo moja. Nilipewa firigisi ya kuku, kitu ambacho kwetu mwanamke hakigusi, ni cha mwenye nyumba. Shangazi hana mume, Wilson yuko shule ya bweni, akasema mwenye nyumba ni mimi. Nikaanza kuamini. Mara moja Mama Nekesa alilicheka gauni langu, akasema ninafanana na chupa ya soda, na mimi nikakataa kumgusa majuma mawili. Wenzake hawakukubali kutembea na mtu asiyeguswa, kwa hiyo alibaki nyumbani, na wanawe wakala mapapai mabichi ya kuchemsha. Alikuja kuniomba msamaha amepiga magoti kwenye sementi, mwanamke wa umri wa mama yangu. Nilimwacha pale mpaka nikamaliza chai. Watu husema mtoto hajui. Mimi nilijua. Nilikinywa kile kikombe polepole ili nizidi kujua.

Chini ya kitanda changu, kwenye mkeka, alilala Taaka. Alikuwa wa kijiji cha Bulumbi, umri wangu, mtumishi wa ndani na mbebaji wa saba. Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba dogo la muhogo, na Taaka alimpelekea chumvi na sabuni kila mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyeyajua mashuka yangu. Siku za ngurumo ambazo si za safari nilijikojolea kitandani kama mtoto wa miaka miwili, na Taaka aliinuka, akavuta shuka, akalifua na kulianika kama lake. Shangazi akalikuta, akampiga mwiko wa mgongo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Nikitaja, nani atatoka tena na mvua?" akasema. "Wasipotoka, mama yangu atakula nini? Mimi sikusaidii wewe, malkia. Najisaidia."

"Usiniite malkia."

"Basi acha kuniambia nikuoshe miguu."

Tukacheka. Aliniosha miguu hata hivyo. Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyokuwa: yeye na beseni, mimi na miguu, na cheko kati yetu. Nimezaa, nimelea, nimezika mume, lakini sijawahi kuzungumza na mtu kwa uwazi kama nilivyozungumza na yule msichana aliyepigwa kwa mkojo wangu.

Mvua za pili za mwaka ule zilikuja kwa nguvu. Siku ya Jumanne, mchana, Sajini Musa alikuja kula. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyevua viatu mlangoni kila alipoingia, na alikuwa akiigeuza shingo asiione njia ya bonde tangu kabla sijafika mimi. Niliketi chumbani kwangu na bakuli langu, firigisi ndani ya mchuzi, na kupitia zile mbao nikasikia kila kitu, hata mfupa ukivunjika mdomoni mwake.

"Mama Wilson, kuku yako iko tamu," alisema, "lakini leo nakuja na maneno mubaya. Wakubwa nasema sisi ya Busia nalala tu. Alhamisi watu nakuja kutoka Tororo, na makoti ya mvua. Nataka kuingia ndani ya mafunjo mbele ya mvua. Iko mtu alisema kwao magendo natembea na mvua."

"Basi Alhamisi hawatoki," Shangazi akasema.

"Hapana. Hawatoki, mimi nakwisha. Watasema Musa ndiye nakula nao. Patia mimi watu, mara moja tu. Kisha bonde iko yako mpaka Krismasi."

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. Kilizunguka muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Watafanywa nini?"

"Kufungwa kidogo. Wiki moja."

"Na kahawa yangu?"

"Kahawa ya nini? Weka maganda."

Halafu sauti ya Shangazi, ya kila siku kabisa, ile aliyoitumia kuuliza kama ng'ombe wamerudi: "Ongeza mchuzi, Sajini. Usile mkavu."

Nilikuwa na firigisi mdomoni. Niliitafuna mpaka mwisho nikaimeza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitema, na jibu ni kwamba ilikuwa nzuri.

Nilikuwa na siku mbili. Nataka msomaji azijue hizo siku mbili, maana wengi wamenionea huruma kwa sababu ya umri wangu, na huruma hiyo si halali yangu. Jumatano nilijiambia: ni wiki moja tu, Sajini amesema. Nilijiambia: nikisema, Shangazi atanirudisha Paya kwenye sahani yangu ya peke yangu. Nilijiambia wanajeshi wataniua, na hiyo ingeweza kuwa kweli, lakini si hiyo iliyonifunga mdomo. Nililala kwenye springi zangu nikaona jinsi watakavyonitazama wale wanawake siku watakapojua kwamba mkono wangu haukuwahi kuwalinda na chochote, kwamba kwa miezi yote ile njia ilikuwa wazi kwa sababu ya kuku wa Sajini na woga wa askari kulowa. Hilo ndilo sikuweza. Nilitaka waendelee kufumba macho nikiwagusa.

Hata hivyo nilimtaka Taaka abaki. Alhamisi asubuhi nikamwambia nataka kusukwa, nywele zote, leo mchana.

"Mchana kuna safari. Angalia wingu."

"Mwambie Shangazi unaumwa tumbo."

"Na mzigo wangu abebe nani? Wewe?" Alikuwa anafunga kanga kifuani. Akauinua mzigo wake kwa mkono mmoja, akashangaa. "Leo mwepesi. Shangazi yako ameokoka au nini?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa, na maneno yenyewe hayakuzidi kumi. Nikamwambia, "Nikisema ubaki, ubaki." Nilimwambia kama mwenye nyumba anavyomwambia mtumishi. Akanitazama, na kile kicheko chetu kikaondoka usoni mwake.

"Ndiyo, malkia," akasema, akatoka kwenda mstarini.

Nikavaa gauni. Nikawapitia. Nikamgusa Mama Nekesa, akasema leo mkono wangu una baridi. Nikawagusa wengine watano. Taaka alikuwa wa mwisho, na yeye hakufumba macho. Nikaweka kiganja kwenye mzigo wa maganda, nikaweka kwenye paji lake, na ngurumo ya kwanza ikatembea mbali, upande wa Majanji. Wakatoka kwa lango la nyuma.

Nilikimbilia kitandani, nikajifunika shuka hadi kichwani. Mvua ilianza kama changarawe kwenye mabati. Nilikuwa nimeanza kuhesabu, kama nilivyozoea, kati ya mwanga na mlio, Shangazi alipofungua mlango. Hakuwa na hasira wala haraka. "Athieno," alisema, "ukishatulia, likunje blanketi la Taaka uliweke kabatini. Jumamosi atakuja msichana mwingine." Akafunga mlango. Nikalitazama lile blanketi chini, la kijivu, limekunjwa tayari pembeni ya mkeka kwa jinsi Taaka alivyolikunja kila asubuhi. Mtu anayefungwa wiki moja harithishwi blanketi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Watu wameniuliza niliwaza nini, ujasiri niliutoa wapi. Sikuwa nao. Nilitoka kwa dirisha nikiwa na gauni lile, miguu mitupu, nikaingia kwenye mvua ambayo sikuwa nimeigusa tangu Machi.

Kuteremka bonde lile mtu anayekimbia hachukui muda. Nililia njia nzima, na kila mwanga ulipowaka nilianguka, kisha nikainuka. Niliwaona kutoka juu ya mteremko: saba, mstari mmoja, karibu kufika yalipoanzia mafunjo. Walikuwa bado upande wa usalama. Nikapiga kelele, "Rudini. Kuna askari. Rudini." Ngurumo ikayafunika maneno. Mama Nekesa aliyekuwa nyuma ndiye aliyegeuka kwanza, na alichokiona ni gauni jekundu likiwajia katikati ya mvua, na mkono wa kovu umeinuliwa juu.

Wakafanya kama nilivyowaagiza. Hawakuuliza, wakakimbia. Mama Nekesa na mwingine mmoja walikatia kushoto, kwenye mashamba, na hao ndio waliopona. Wanne walikimbia mbele moja kwa moja, mbali na mimi, wakielekea mafunjoni. Taaka peke yake alisimama. Yeye alijua mimi ni nani. Alinitazama, na kwa kuwa aliwahi kuyaona mashuka yangu, alielewa kwamba kitu kilichonitoa nje kwenye ngurumo si mchezo. Niliona akielewa. Angeweza kupanda kuja kwangu, palikuwa na hatua kama hamsini kati yetu. Badala yake aliutupa mzigo akageuka akawakimbilia wale wanne, akiita kila mmoja kwa jina, "Rudini, msimwogope, anaogopa tu, rudini." Alikuwa na mbio. Alimfikia wa mwisho akamshika kanga. Ndipo mafunjo yakasimama, maana makoti yale yalikuwa ya kijani na yalisimama yote pamoja, na sauti iliyofuata haikutoka mawinguni.

Nililala kifudifudi kwenye tope mpaka kelele zikaisha. Wale wanne waliongozwa kwenda barabarani mikono kichwani. Walipelekwa Tororo, na aliyerudi ni mmoja. Nilitambaa mpaka kwa Taaka. Risasi iliingia chini ya mfupa wa bega la kushoto, tundu dogo, nikalifunika kwa kiganja changu cha mkono ule niliowadanganyia watu, nikabonyeza, na hakikuzuia kitu. Sajini Musa alikuja akasimama juu yetu. Yeye alikuwa anajikinga kwa mwavuli. Aliniambia, kwa ule upole wake, "Wewe wa Mama Wilson. Rudi nyumbani, homa itakamata wewe."

Shangazi alinivua gauni kwa mikono yake, akanifuta kwa taulo, akanipa chai. Kisha akaniambia jinsi ilivyokuwa. "Umetoka mvuani. Uliwaambia mwenyewe siku ile wakimbie. Radi ilikufuata, ikamchukua Taaka. Wale wengine wamekamatwa kwa bahati mbaya. Ndivyo ilivyokuwa." Nikasema hapana. Akanishika kidevu. "Ukisema vingine, Musa anajua unapolala." Jioni hiyohiyo mwili ulifungwa kwenye mkeka, ukashonwa, ukatumwa Bulumbi kwa baiskeli na neno: radi. Mama Nekesa alisikia bunduki kama mimi, lakini alikuwa na watoto sita, akasema alisikia ngurumo. Simlaumu. Namtaja tu.

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu niliondoka alfajiri kwa njia ya mashamba, nimevaa nguo kuukuu ya Taaka kwa sababu zote alizonishonea Shangazi zilikuwa nyekundu, na kwenda Bulumbi kulinichukua asubuhi nzima. Nyumba niliijua kwa ukimya wake. Kwenye msiba wa kawaida unasikia kutoka mbali, watu wamelala nje, majiko matatu yanawaka. Hapa palikuwa na kaburi bichi pembeni ya muhogo, na mama mwembamba ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, macho makavu, na wanawake wawili wamemkalia huku na huku. Walikuwa wakimlinda asilie. Mdomo wake ulikuwa ukitetemeka, na kila ulipotetemeka mmoja wao alimwekea mkono gotini, akasema, "Vumilia, mama Taaka. Usiiite."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Mama, haikuwa radi. Ilikuwa risasi. Iliingia hapa." Nikamwonyesha kwenye mwili wangu.

Wale wawili wakaniambia ninyamaze, mimi ni mtoto wa nani nakuja kuchezea kifo. Mama Taaka akawanyamazisha kwa kidole.

"Uliona?"

"Niliona. Niliweka mkono."

"Nani alipiga?"

"Askari wa Tororo. Sajini Musa aliwaweka, Shangazi yangu Kezia aliwapa. Na mimi nilijua tangu Jumanne, sikumwambia Taaka."

Nilingoja anipige, na kusema kweli nilitaka anipige. Hakunigusa. Alisimama, akaenda mpaka kaburini, akasimama juu yake kama anayehakikisha amesikia vizuri, kisha akaufungua mdomo akalia. Sijasikia sauti kama ile tena. Wanawake wale walimkimbilia kumzuia, na yeye akawasukuma. "Niacheni," alisema. "Mwanangu ameuawa na watu." Wakasimama. Halafu mmoja wao naye akaanza kulia, na mwingine, na kutoka upande wa pili wa shamba wakaitikia, na watu wakaanza kuja, wengine na majembe mikononi, wakiulizana kuna nini, si walisema ni radi.

Nami machozi yakanijia. Nilikuwa nayo ya siku tatu, nikainama niyaachie pamoja na yao. Mama Taaka akaniona. Alinishika bega, akaniinua, akanigeuza niwaelekee wale waliokuwa wakiingia uani.

"Wewe usilie," akasema. "Wewe sema tena. Hawa hawajasikia."

Barabarani kulikuwa na gari la jeshi lililopita kila mchana, na kila mtu pale alilijua. Nikafuta uso. Nikawaambia naitwa Athieno, ni yule wa gauni jekundu, na kwamba siku ya Jumanne Sajini Musa alikuja kwa shangazi yangu Kezia kula kuku, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta.